Jeshi la Kwanza na Jeshi la Pili: Beth-horoni na Lugalo



Katika Injili ilivyoandikwa na Luka, sura ya 21, mstari wa 20 na wa 21, Bwana Yesu awaambia wanafunzi wake ya kuwa, hapo watakapouona mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi, na wajue uharibifu wake umekaribia. Ndipo walio Uyahudi wakimbilie milimani, nao walio ndani ya mji watoke. Walimu wengi hukwama hapa. Mwanafunzi mwepesi wa akili huuliza: mji ukiisha kuzungukwa na majeshi, mtu atatokaje? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kumwambia mtoto anyamaze na kuamini. Lina jibu. Lakini jibu lake halimo katika Biblia yenyewe, maana kitabu cha Matendo ya Mitume kimekoma Paulo akiwa amefungwa huko Rumi, na mambo haya yalitukia miaka michache baadaye, mwaka 66 baada ya Kristo.

Katika somo la mwezi huu nataka kueleza habari za jeshi la Rumi lililoufikia Yerusalemu mwaka ule, likashindwa, likakimbia. Tena nitaiweka karibu nayo habari ya nchi yetu wenyewe, vita vya Lugalo katika Uhehe, vilivyopiganwa mwaka 1891. Nafanya hivi kwa sababu mtu aliyekulia hapa Babati hawezi kuona kwa urahisi mlima wa Skopo wala mteremko wa Beth-horoni. Bali barabara kuu ipitayo katikati ya mji wetu, ukiifuata kwenda kusini, kupita Kondoa na Dodoma na bwawa la Mtera, itakufikisha Iringa, na Lugalo i karibu na hapo. Anayekijua kilima cha kwao ataelewa upesi kilima cha Uyahudi.

Kwanza tuseme habari zimetoka kwa nani. Za Yerusalemu tunazipata kwa Josephus, Myahudi wa ukoo wa makuhani, aliyekuwa jemadari katika Galilaya mwaka 67, akashindwa, akajitoa mikononi mwa Warumi, na baadaye akaandika kitabu chake cha vita huko Rumi akilindwa na kaisari. Mtu huyu alijua sana alilolinena, lakini alikuwa na sababu zake za kuwapendeza wenyeji wake. Basi tumsome kwa shukrani na kwa macho yaliyo wazi.

Liwali wa Uyahudi wakati ule alikuwa Gessius Florus, aliyekuja baada ya wale tunaowajua, Feliki na Festo. Mwaka 66 alitoa talanta 17 katika hazina ya Hekalu, akisema ni mahitaji ya kaisari. Watu wakakasirika, vijana wengine wakapita mjini na kikapu wakimwombea sadaka, kana kwamba liwali ni maskini. Kwa mzaha huo Florus aliwaachia askari soko la mji wa juu wapore na kuua. Hapa mwalimu na awakumbushe wanafunzi wake jina moja: Bernike, yule aliyekuja pamoja na mfalme Agripa kumsikiliza Paulo katika Matendo 25. Josephus aandika ya kuwa Bernike alisimama mbele ya Florus, miguu yake haina viatu, akimsihi akomeshe mauaji, wala hakusikilizwa. Baada ya hayo makuhani vijana wakaikomesha sadaka iliyotolewa kila siku Hekaluni kwa ajili ya kaisari. Kwa Rumi tendo hilo lilikuwa uasi kamili. Tena walilifanya jambo lililo baya zaidi: kikosi cha Warumi kilichokuwa mjini kiliomba kuachiwa uhai, kikaapiwa, kikaweka silaha chini, na mara kikauawa, nayo ilikuwa Sabato. Wazee wengi wa Yerusalemu waliomboleza siku ile. Huko Kaisaria nako, alikobatizwa Kornelio, Wayahudi zaidi ya 20,000 waliuawa na watu wa mji ule, kama asemavyo Josephus.

Liwali mkuu wa Shamu, Cestius Gallus, akaona hana budi kutoka. Aliondoka Antiokia na legioni nzima ya 12, na askari 2,000 waliochaguliwa katika kila legioni nyingine, na vikosi vya miguu na vya farasi, na watu wa wafalme rafiki wa Rumi. Agripa, yule yule aliyemwambia Paulo aseme kwa kujitetea, alitoa askari wa miguu 3,000 na wapanda farasi karibu 2,000, akaenda mwenyewe pamoja nao. Jeshi lote lilikuwa kama watu 30,000.

Sasa, mwalimu, fungua ramani iliyo mwisho wa Biblia yako, uweke kidole pwani, na ushike Matendo sura ya 9 kwa mkono mwingine. Jeshi lilifika Yafa, alikofufuliwa Tabitha na alikokaa Petro kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi. Waliouawa huko Josephus awahesabu 8,400. Kisha likafika Lida, alikoponywa Ainea. Mji ulikuwa mtupu, maana watu wote walikuwa wamepanda Yerusalemu kwa Sikukuu ya Vibanda. Walionekana watu 50 tu, wakauawa, na mji ukachomwa moto. Hatujui walikuwa akina nani. Lakini katika miji hiyo miwili palikuwa na watakatifu tangu siku za Petro, na mtu asomaye sura ile bila kujua yaliyofuata huona kama watu wale waliishi salama hata mwisho.

Kutoka Lida jeshi likapanda njia ya Beth-horoni. Jina hili si geni: katika Yoshua 10 hapo ndipo wafalme watano walipokimbizwa mteremkoni. Kuna Beth-horoni ya Juu na Beth-horoni ya Chini, na kati yake njia nyembamba yenye majabali na makorongo. Warumi walipiga kambi Gibeoni, na Wayahudi, ingawa ilikuwa Sabato, waliiacha sikukuu wakawashambulia kwa ghafula, wakaua 515, na wao wenyewe wakapotewa na 22. Wakati uo huo kijana mmoja, Simoni mwana wa Giora, aliupiga mkia wa jeshi pale Beth-horoni, akawanyang'anya nyumbu wengi wenye mizigo. Likumbukeni jina lake.

Cestius akasogea hata Skopo, kilima ambacho juu yake mtu huuona mji wote. Akangoja siku tatu, akidhani watu watajitoa. Siku ya nne akaingia mtaa wa kaskazini, akauchoma moto, akaweka hema zake mbele ya jumba la kifalme. Siku tano walijaribu ukuta. Siku ya sita askari wakafunganya ngao zao juu ya vichwa kama gamba la kobe, wakaanza kuchimba chini ya ukuta wa Hekalu, wakatengeneza moto wa kuchoma lango. Ndani ya mji wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa, na wengine walitaka kumfungulia. Ndipo Cestius akawaita watu wake, akaondoka.

Kwa nini? Josephus asema hapakuwa na sababu yo yote. Tena asema wakubwa wengine wa jeshi walikuwa wamepewa rushwa na Florus ili vita visiishe upesi. Mimi naona sababu zaweza kupatikana bila rushwa. Mwezi wa Novemba ulikuwa umefika na mvua za baridi pamoja nao. Nyumba nyingi za chakula zilikuwa nyuma pwani. Nyumbu walikuwa wametekwa. Na njia ya kurudia ilikuwa ile ile nyembamba. Jemadari aliyekwisha kuanza kuhesabu siku za kurudi hapigani tena kwa moyo wote. Lakini neno lililo kubwa kwetu ni hili, ya kwamba mji ulizungukwa, kisha ukaachwa wazi.

Kurudi kwao kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Wayahudi waliwafuata, wakishika vilele vya pande zote mbili. Cestius akaagiza nyumbu wauawe, isipokuwa wale waliochukua mishale na mitambo. Walipoingia mteremko wa Beth-horoni wakafungiwa mbele na nyuma, wapanda farasi wakiteleza makorongoni, na jeshi zima lingalikwisha siku ile kama usiku usingaliingia. Usiku Cestius aliwachagua watu 400 mashujaa, akawapandisha juu ya madari ya nyumba, waitane kwa sauti za zamu ili adui adhani kambi yote ipo; naye akatoroka na wengine kimya kimya. Asubuhi wale 400 waliuawa wote. Waliosalia walikimbia, wakizitupa njiani mashine za kubomolea kuta na za kurushia mawe, na Wayahudi wakawafukuza hata Antipatri. Fungueni Matendo 23:31: ndio mji ule ambao askari wa Rumi walimfikisha Paulo usiku, wakimwokoa na watu waliokula kiapo cha kumwua. Warumi waliokufa walikuwa askari wa miguu 5,300 na wapanda farasi karibu 500. Mwandishi mwingine wa Rumi, Suetonius, asema hata sanamu ya tai ya legioni ilichukuliwa, nayo kwa askari wa Rumi ilikuwa aibu ipitayo kifo.

Wayahudi wakarudi Yerusalemu wakiimba. Naomba msomaji akae kidogo na shangwe ile, asiipite upesi. Watu walioonewa, walioibiwa Hekaluni mwao, waliochinjwa sokoni mwao, wameishinda Rumi kwa mikono yao, tena pale pale alipopigania Yoshua. Ni nani angaliweza kuwaambia siku ile ya kuwa Mungu hakuwapa ushindi ule uwe mwanzo wa wokovu? Ushindi una sauti kubwa kuliko nabii.

Sasa tuje Uhehe. Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba, alikuwa ametawala tangu kifo cha baba yake mwaka 1879, na nchi yake ilikuwa na nguvu sana. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, waligawana nchi hizi kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Ulaya, na tangu mwanzo wa 1891 serikali ya Ujerumani ikashika mamlaka pwani. Kwa karatasi ile Mkwawa alikuwa mtu wa chini ya kaisari wa Berlin. Kwa mawazo yake mwenyewe, na kwa kweli ya mambo, hakuwa chini ya mtu ye yote. Kwa hiyo sipendi kumwita mwasi. Wayahudi walikuwa wametawaliwa na Rumi zaidi ya miaka mia moja, wakaasi. Wahehe walisikia tu ya kuwa wametawaliwa. Tofauti hii mwalimu asiifiche anapolinganisha.

Jemadari wa Wajerumani alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Mwaka 1888 alikuwa mtu wa kampuni ya Kijerumani huko Pangani, na ukali wake na dharau yake kwa watu wa mji ilikuwa moja ya sababu za kuwaka vita vya pwani vya Abushiri. Kumbe kila vita vina Florus wake! Katikati ya mwaka 1891 alitoka pwani kwenda kuwaadhibu Wahehe kwa kuzivamia nchi za jirani na njia za misafara. Alikuwa na Wazungu kama 13, askari zaidi ya 300, wapagazi zaidi ya 100, na mizinga na bunduki za mrama. Askari wale wengi walikuwa Wasudani, na wengine walioitwa Wazulu kutoka Msumbiji. Kama vile watu wa Agripa, walikufa kwa ugomvi wa kaisari ambaye hawakupata kumwona. Njiani vijiji vilichomwa moto. Na masimulizi ya Wahehe husema wajumbe waliotumwa na Mkwawa kwenda kusema naye walipigwa risasi.

Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi, msafara ulikuwa ukipita Lugalo, mashariki ya Iringa ya leo. Watu walikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe, kama njia zetu za zamani zilivyolazimisha, hata mstari ukawa mrefu sana. Wapelelezi wa kutosha hawakutangulizwa. Katika majani na mawe ya mteremko walijificha Wahehe, yapata elfu tatu, chini ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Bunduki ilipolia walishuka na mikuki kabla askari hawajapata kupanga safu. Mizinga ilikuwa migongoni mwa punda. Ya kutosha ni kusema ya kuwa katika dakika chache, labda kumi, labda kumi na tano, kazi ilikuwa imekwisha. Zelewski aliuawa kwa mkuki na kijana, naye juu ya punda wake. Wazungu kumi walikufa, na askari na wapagazi zaidi ya 200. Luteni mmoja, von Tettenborn, aliyekuwa nyuma, alishika kilima pamoja na wachache, akapandisha bendera ili waliosalia waione, kisha akawarudisha pwani. Habari nyingi zilizoandikwa Ulaya zimetoka kwake. Za Wahehe zimekaa vinywani mwa wazee. Hesabu ya Wahehe waliokufa haipatani, maana kila upande una yake.

Mkwawa alipata bunduki zipatazo 300, na mizinga pia. Mwaka 1892 watu wake waliivunja ngome ya Wajerumani ya Kondoa, nayo si Kondoa Irangi, jirani yetu, bali ile ya Usagara karibu na Kilosa. Akauzungushia mji wake Kalenga ukuta mkubwa na mrefu.

Tazameni sasa miaka. Jeshi la Cestius lilivunjwa Novemba 66. Tito aliuzingira Yerusalemu wakati wa Pasaka ya mwaka 70. Ni miaka mitatu na miezi kama mitano. Jeshi la Zelewski lilivunjwa Agosti 1891; Gavana von Schele alikuja mbele ya Kalenga Oktoba 1894. Ni miaka mitatu na miezi miwili. Kaisari aliyeaibishwa hasahau, hukusanya tu. Nero alimtuma Vespasiano mwaka 67 na watu kama 60,000, mara mbili ya wale wa kwanza. Na katika jeshi la Tito, aliyekuwa mwana wa Vespasiano, ilikuwamo legioni ile ile ya 12, ikitaka kuifuta aibu yake. Watu wa Yerusalemu walitazama kutoka ukutani wakawaona waliowafukuza wamerudi.

Silaha zilizotekwa nazo zina habari yake. Josephus asema mashine za Cestius ziliwekwa juu ya kuta za Yerusalemu, lakini wenye mji hawakujua kuzitumia vizuri, isipokuwa walivyofundishwa kidogo na watoro wa jeshi la Rumi. Mizinga iliyotekwa Lugalo nayo haikuuokoa mji wa Kalenga. Schele aliupiga kwa mizinga yake, na tarehe 30 Oktoba 1894 askari wake waliupanda ukuta na kuutwaa mji.

Wahubiri wengine hupenda kusema Yerusalemu ulianguka kwa sababu ya fitina za ndani, na hapo huishia. Fitina zilikuwako kweli, tena za kutisha. Katika miaka ile mitatu watu wa mji walipiga fedha zao wenyewe zenye kuandikwa jina la Yerusalemu takatifu, wakachagua majemadari, wakajenga ukuta wa kaskazini, kisha wakagawanyika. Kuhani Anano, aliyetaka kuiongoza vita kwa kiasi, aliuawa na wenzake. Simoni mwana wa Giora, shujaa wa Beth-horoni, aliingia mjini mwaka 69 na watu wake, akapigana na Yohana wa Giskala barabara kwa barabara, na katika ugomvi huo ghala za nafaka zikateketezwa, ambazo zingaliulisha mji kwa miaka. Njaa iliyokuja haikuletwa na Tito peke yake.

Lakini Kalenga haukuwa na fitina ya namna hiyo. Ulikuwa na mtawala mmoja, na watu waliomtii, hata hivyo ulianguka katika siku tatu. Basi umoja ni mwema, ila si dawa ya mizinga. Wala wale waliojitoa hawakupata salama siku zote. Mtawala Merere wa Usangu alishikamana na Wajerumani akapata faida. Lakini Mpangile, yule aliyeongoza Lugalo, alijitoa kwao, akawekwa kuwa mtawala mwisho wa 1896, na mapema mwaka 1897 wakamshuku, wakamwua. Kwa ajili ya Mpangile nasita sana kuwahukumu Wahehe au Wayahudi kwa kusema wangalijitoa tu. Mkwawa mwenyewe alizungukazunguka porini miaka karibu minne, watu wake wakimlisha kwa siri, hata tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asishikwe. Kichwa chake kilikatwa. Mapatano ya Versailles ya 1919 yalitaja fuvu lake kwa jina, ya kuwa lirudishwe. Na mwaka 1954 Gavana Twining alilirudisha kwa Wahehe, nalo limewekwa Kalenga. Simoni mwana wa Giora alipelekwa Rumi, akapitishwa mjini katika maandamano ya ushindi mwaka 71, kamba shingoni, akauawa.

Turudi kwa swali la mwanafunzi. Mji ulizungukwa na jeshi la kwanza, na jeshi la kwanza likaondoka. Mlango ulikuwa wazi tangu Novemba 66, wazi kabisa siku zile za shangwe, kisha ukazidi kuwa mwembamba kila mwaka, hata wakaja watu waliomwua kila aliyejaribu kutoka. Josephus asema ya kuwa mara baada ya kushindwa kwa Cestius wakubwa wengi waliukimbia mji kama watu watokao katika jahazi linalozama. Na Eusebio, aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya nne, asema Wakristo wa Yerusalemu walikwisha kuonywa kabla ya vita, wakahamia Pela, mji ulio ng'ambo ya Yordani. Wataalamu wengine wamebishana juu ya habari hiyo, kwa kuwa iliandikwa muda mrefu baadaye. Mimi sioni neno la kuikataa.

Lakini mwalimu asilifanye jambo hilo jepesi. Fikirini mtu wa usharika ule mdogo wa Yerusalemu, mwezi wa Novemba, mwaka 66. Jirani zake wanacheza ngoma barabarani. Mwana wa dada yake amerudi kutoka Beth-horoni na ngao ya Mrumi. Na yeye anafunga mzigo. Wanamwuliza: waenda wapi, ndugu, leo, siku tuliyoshinda? Ataitwa mwoga, ataitwa rafiki wa Florus, nyumba ya babaye ataiacha, na pengine kaburi la mamaye. Hana askari wa Rumi wa kuwaonyesha kwa kidole, maana wamekimbia. Ana neno tu alilolisikia kwa wazee, nao walilisikia kwa Bwana miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Kukimbia mbele ya adui aonekanaye hakuhitaji imani. Huyu alikimbia mbele ya ushindi.

Hapa ndipo darasa lipewe nafasi ya kusema. Waulizeni vijana: je, angeweza kubaki na kuwahudumia majeruhi, naye asiwe amekosa? Je, aliyekwenda Pela aliwapenda watu wake kidogo kuliko aliyebaki ukutani? Nimesikia majibu ya namna nyingi juu ya hayo, wala si yote yaliyo mabaya. Ila mmoja asikubaliwe kusema ya kuwa Wayahudi walistahili. Anayesema hivyo hajafika katika sura ya 19, mistari ya 41 hata 44, ambapo Bwana aliyeyajua haya yote aliutazama mji huo huo akalia.

Kwa hiyo ningeshauri ile ya 19 isomwe kwanza, kwa sauti, ndipo ya 21. Somo lahitaji majuma mawili. Katika juma moja halitoshi, hasa ukitaka kuonyesha ramani. Na wale watakaosafiri kwenda Iringa, kando ya barabara ya Morogoro pale Lugalo wataona mnara uliojengwa na Wajerumani kwa ukumbusho wa Zelewski na wenzake, na upande wa pili wa mji, Kalenga, nyumba ya makumbusho ya Mkwawa. Afadhali mtu afike pote pawili, wala asiwe na haraka.